Alichosikia Mama Kasuku

Mtoto wao aliitwa Kasuku kwa sababu alianza kusema kabla hajatembea vizuri, na tangu hapo hakunyamaza. Jina la ubatizo alikuwa nalo, lakini hata mwalimu wake wa shule ya Jumapili alilisahau. Wazazi nao wakawa Baba Kasuku na Mama Kasuku, wala hawakuwa na mtoto mwingine.

Baba Kasuku alikuwa fundi makochi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, mlango ukitazama barabara. Kochi bovu likiingia pale alilipindua miguu juu, akang'oa misumari yote, akatoa sponji iliyochoka, akakaza mikanda ya mpira chini ya kiti hadi ikawa inalia kama gitaa ukiigusa, ndipo akaweka sponji mpya. Mama Kasuku alikaa kwenye cherehani karibu na dirisha, akishona vitambaa vya kuvalisha makochi. Wateja walizoea kuwakuta hivyo: mume misumari imemjaa mdomoni, hawezi kusema, mke anaimba, na katikati yao Kasuku, anasema kwa niaba ya wote wawili.

Kwa mambo ya Mungu, mume na mke hawa walikuwa kama maji na mafuta. Baba Kasuku alilelewa katika kanisa la watu wanaokaa wima na kusoma. Kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana, alisoma sura moja ya Biblia kwa mpangilio, tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akaanza upya. Sala yake ilikuwa fupi, kama salamu kwa mwenye nyumba. Mama Kasuku alikuwa mtu wa maombi. Akianza kuomba blauzi ililowa jasho. Alicheka, alilia, alinyamaza, na aliporudi nyumbani uso ulikuwa laini kama wa mtu aliyetoka kulala. Biblia yake ilikaa kabatini. Alisema anasomewa kanisani, inatosha.

"Wewe mume wangu una picha ya chakula," alikuwa akimtania. "Mimi mwenzio nimeshiba."

"Umeshiba kweli," Baba Kasuku alijibu. "Ila hujui umekula nini."

Walicheka, Kasuku akacheka kuliko wote. Yeye alichukua huku na huku. Alijua zaburi nyingi kwa moyo, na aliziimba kwa sauti ya mama yake.

Alipomaliza shule na kuanza kusomea ualimu, Kasuku akaanza kuchoka. Alipanda ngazi tatu akakaa. Madoa ya samawati yakamtokea miguuni kana kwamba kapigwa, na akipiga mswaki mate yalitoka na damu. Walimpeleka hospitali, akapimwa, akapimwa tena, mwisho daktari akamwita baba pembeni. Ilikuwa saratani ya damu. Wangejaribu, alisema, lakini imekuja kwa kasi.

Wodi ilikuwa na vitanda vya chuma vilivyobanduka rangi. Cha Kasuku kilikuwa karibu na mlango, kila apitaye akikigonga. Dawa zilimnyoa nywele zote. "Sasa mmenifanya kasuku asiye na manyoya," aliwaambia, na wauguzi wakacheka huku wakifuta macho.

Alasiri moja Mama Kasuku alikwenda kanisani na kikundi chake cha maombi. Kanisa lilikuwa tupu, viti vya plastiki vimepangwa juu kwa juu ukutani. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja ambaye watu walimwita Shangazi Tarumbeta, kwa sababu akisema "Amina" mtaa wa pili walijua mkutano umekwisha. Waliomba sana siku hiyo. Kisha Mama Kasuku akaishiwa maneno, akabaki amepiga magoti tu. Pale pale ukaja utulivu. Joto likamwingia kifuani, kama mtu aliyenyeshewa anapofunikwa blanketi, na akajua, bila mtu kumwambia, kwamba hayuko peke yake na kwamba Kasuku hajasahauliwa. Aliruka juu.

"Hatakufa!" alipiga kelele. "Mungu amesema hatakufa!"

Shangazi Tarumbeta akalidaka neno lile, na kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa nalo.

Baba Kasuku alimsikiliza mkewe akimsimulia. "Amesema hivyo hivyo?" aliuliza. "Kwa maneno hayo?"

"Baba Kasuku, tafadhali. Usiniharibie."

Mume akarudi kwenye nyundo yake.

Tangu siku hiyo Mama Kasuku hakuruhusu neno lolote la huzuni karibu na kile kitanda. Ndugu akianza kulia alimtoa nje. Alianza kumshonea Kasuku gauni la kuvaa siku ya kuruhusiwa, la rangi ya machungwa, lenye mifuko, maana Kasuku hakupenda nguo isiyo na mifuko. "Utapona, mwanangu. Mungu ameniambia." Na Kasuku alitabasamu, akasema, "Haya, mama."

Ila mama akitoka kwenda kuchota maji ya moto, Kasuku alimgeukia baba yake. Siku moja alimshika mkono, wenye vidole vigumu vya nyundo, akasema taratibu, "Baba, mama akisema sitakufa, mimi nashindwa kumuaga."

Baba aliinama karibu na mto wake. "Niambie mimi," alisema mwishowe.

"Wewe nilishakuaga. Hukuona tu."

Kasuku alifariki asubuhi, mama yake akiwa nyumbani anapiga pasi lile gauni. Walimzika nalo.

* * *

Baada ya msiba nyumba ilinyamaza. Ilisikika nyundo, ilisikika cherehani, basi. Mama Kasuku hakuimba tena. Jumapili ikifika alifua. Mchungaji alikuja mara mbili, akapokewa kwa adabu, akapewa kiti, na Mama Kasuku akatazama sakafu mpaka mgeni alipoaga. Watu waliendelea kumwita Mama Kasuku, hakuna aliyejua jina lingine la kumwita, na kila alipoitwa aliitika kama mtu aliyechomwa sindano.

Shangazi Tarumbeta alifika siku moja kuulizia kochi lake. Alilizunguka, akalibonyeza, akakaa, kisha akashusha sauti, ingawa kwake kushusha sauti ni kama kwa wengine kuita.

"Mwenzangu, nimeomba juu ya jambo hili. Ahadi ilikuwepo. Mungu si mwongo. Basi kama ahadi haikutimia, mlango wa mashaka uliachwa wazi na mtu. Pengine humu humu ndani." Akamtupia jicho Baba Kasuku.

Baba Kasuku alitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaipanga juu ya meza.

"Shangazi," alisema, "nakuheshimu. Kochi lako liko tayari. Lichukue leo hii, na maneno yako uyachukue pamoja nalo. Na likibaki neno hata moja hapa, nitakuletea mwenyewe kwenye mkokoteni."

Shangazi Tarumbeta aliondoka bila kupiga tarumbeta. Baba Kasuku alimgeukia mkewe, akidhani amemtetea. Mkewe alikuwa ameinamia cherehani.

"Usimfukuze kwa ajili yangu," alisema. "Yeye kasema uongo mdogo. Mimi nilimwambia mwanangu uongo mkubwa, tena kitandani, tena kila siku."

Asubuhi Baba Kasuku aliendelea kusoma sura yake. Zamani alisoma kwa sauti. Mke akamwambia, "Soma kimoyomoyo. Kitabu chako hakikumsaidia." Akasoma kimoyomoyo. Lakini asubuhi moja Mama Kasuku alipita na kikombe cha chai, akaona ukurasa ni ule ule. Alipita tena kurudisha kikombe, ukurasa ule ule.

"Mbona hugeuzi?"

Baba Kasuku alivua miwani. "Naona herufi tu."

Mke akasimama mlangoni.

"Mama Kasuku, nimesoma kitabu hiki tangu sijaota ndevu. Najua Mungu alisema nini na nani, na wapi. Lakini kuhisi kwamba anasema na mimi, sijawahi. Hata siku moja. Wewe ulipokuwa ukilia kwa furaha kanisani, mimi nilikuwa nikitazama saa. Nilikuonea wivu miaka yote hii, nikaficha kwa utani."

"Usinionee wivu mimi. Tazama nilikofika."

"Na kuna jambo jingine." Alijua angeweza kunyamaza, na kwamba kunyamaza kungekuwa rahisi. Lakini lilikuwa limemkaa kooni tangu wodini, na halikuwa lake peke yake. "Kasuku aliniambia kwamba unapomwahidi hatakufa, anashindwa kukuaga."

Kikombe kilianguka. Mama Kasuku alitoka kwa mlango wa nyuma, na majirani walisikia kilio ambacho hawakukisikia hata siku ya maziko. Baba Kasuku alimfuata hadi kizingitini, akasimama hapo, hajui kama aende au arudi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wanasema. Lakini wazazi ni wawili, na kila mmoja alikuwa na wake, na hakuna aliyejua kuubeba wa mwenzake.

Siku kadhaa hawakusemezana isipokuwa ya kazi: "Nipe mkasi." "Kitambaa hiki hakitoshi." Kisha, asubuhi nyingine, Mama Kasuku alivuta kigoda, akakaa mbele ya mumewe na kitabu chake.

"Humo ndani," alisema, "yumo mzazi aliyeomba, na mtoto akafa?"

"Yumo."

"Nisomee."

Akamsomea habari za yule mfalme aliyelala chini siku nyingi bila kula, akimlilia Mungu kwa ajili ya mtoto wake mgonjwa. Mtoto alikufa. Watumishi wakaogopa kumwambia. Naye alipojua, akainuka, akaoga, akabadili nguo, akaingia nyumbani mwa Mungu kusujudu.

"Aliahidiwa mtoto atapona?"

"La. Aliambiwa atakufa. Akaomba hata hivyo."

"Na aliponyimwa, akaenda kusujudu."

"Akaenda."

"Kwa nini?"

Baba Kasuku alitazama juu ya ukurasa, akatazama chini. "Haikuandikwa," alisema.

Mke alitikisa kichwa polepole. Pengine kama mume angempa sababu nzuri, angeondoka. Badala yake kesho yake alirudi na kigoda chake. Wakasoma habari za mtume aliyesihi tena na tena aondolewe maumivu, yasiondolewe, akaambiwa tu kwamba neema itamtosha. Wakasoma habari za bustani, usiku ule ambao Mwana wa Mungu mwenyewe aliomba kikombe cha mateso kimpite.

"Hakikumpita," alisema Mama Kasuku.

"Hakikumpita."

"Rudia."

Alirudia. Mama Kasuku aliweka mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba sauti yake ilikuwa ya mtu anayefikiri, si ya mtu anayejikaza.

"Siku ile kanisani," alisema. "Nataka nikwambie sawasawa. Sikusikia 'hatakufa'. Sikusikia neno lolote. Nilijua tu kwamba yupo, na kwamba anamjua Kasuku. Basi. Ndilo nililopewa. Hilo lingine nililiongeza mwenyewe, kwa sababu ndilo nililokuwa nikilitaka."

"Kwa hiyo hakukudanganya."

"Hakunidanganya. Mimi ndiye niliyemsemea." Machozi yalimtoka bila kelele. "Ningejua haya maneno yako mapema, Baba Kasuku, ningekaa pale kitandani nikamwambia mwanangu, Mungu yupo, na mimi nipo, na sijui. Angeniaga."

Hilo halikuwa na dawa. Si katika kitabu, si katika maombi. Kesi ile ilikuwa imefungwa kaburini.

Lakini tangu hapo walianza kukaa pamoja kila asubuhi. Mume alisoma, mke aliuliza, na mara nyingi maswali yake yalimfanya asome upya mistari aliyodhani anaijua kama mfuko wake. Wakimaliza kusoma, zamu ilikuwa ya mke.

"Sasa nyamaza," alimwambia.

"Ninyamaze nifanye nini?"

"Unyamaze. Yale uliyosoma yaache yakae."

Baba Kasuku alifumba macho, akajitahidi sana, na baada ya muda akaanza kukoroma. Mama Kasuku alimtazama, akacheka. Kicheko kilimshtua mwenyewe, akaziba mdomo kwa mkono kana kwamba ameiba.

Kwa mume mambo yalikuja siku ambayo hakuyatafuta. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi la mteja, akigongelea kitambaa, misumari mdomoni, na akilini kukiwa na mstari mmoja wa zaburi waliousoma asubuhi, ule wa Mungu kuwa karibu na waliovunjika moyo. Alikuwa ameusoma mara nyingi maishani bila kuuona. Ghafla akili ikamwambia: waliovunjika ni wewe. Machozi yakamjia kwa nguvu hata ikabidi ateme misumari chini ili asiimeze. Hakuwa amelia hospitalini wala makaburini. Alilia sasa, paji la uso limeegemea mbao za kochi, na katikati ya kilio kile akahisi kama mtu amekuja kupiga magoti kando yake. Alifumbua macho. Hakukuwa na mtu.

Alimweleza mkewe kwa kusitasita, kama anayeeleza dalili kwa daktari. "Sijui kama ndiyo hiyo."

"Ilisema nini?"

"Haikusema kitu."

"Usiiongezee basi," Mama Kasuku alisema. Akamfuta vumbi la mbao usoni kwa ncha ya kanga.

* * *

Walirudi kanisani, wakakaa viti vya nyuma. Shangazi Tarumbeta alipowaona hakusema neno. Alikuja akakaa kando ya Mama Kasuku, akamshika mkono ibada nzima, mkono wenyewe umelowa jasho. Ilikuwa njia yake ya kuomba radhi, na ilipokewa.

Siku moja mwalimu wa chekechea alileta viti vyake vya kulia chakula. Alikuwa mama kijana, macho yamevimba. Mwanawe wa kiume alikuwa amelazwa, na alipotaja wodi, Mama Kasuku aliacha kukanyaga cherehani.

"Nimeambiwa wewe ni mwombaji, mama," alisema mwalimu. "Niombee. Niambie, atapona?"

Baba Kasuku aliinua kichwa.

"Sijui, mwanangu," alisema Mama Kasuku. "Natamani kujua. Lakini Mungu yupo kule, hilo najua, na mimi nitakuja."

Alikwenda. Ilikuwa mara ya kwanza kuingia tena mle, na kile kitanda cha karibu na mlango kilikuwa na mgonjwa mwingine. Alikipita akijishika ukuta. Aliomba kando ya yule mtoto kwa sauti ndogo: kwamba apone kama itawezekana, na kwamba yeyote asiachwe peke yake. Kisha akamwambia mama yake, "Kaa naye. Akitaka kusema lolote, mwache aseme, hata kama hutaki kulisikia." Alirudi kesho yake, na kesho kutwa.

Yule mtoto alipona.

Mwalimu alimleta mwenyewe karakanani kushukuru. Mtoto alipanda juu ya kochi jipya, akaruka, akaruka tena, mama akimkemea huku akicheka. Mama Kasuku aliwapa soda, akamshika mtoto shavu, akawasindikiza hadi barabarani. Aliporudi alipita moja kwa moja hadi jikoni, na Baba Kasuku akasikia ngumi zikipiga ukuta.

"Kwa nini yule?" alikuwa akisema. "Nimefurahi, Mungu anajua nimefurahi. Lakini kwa nini yule, na wangu hapana? Niliomba kwa nguvu zote kwa ajili ya wangu! Kwa yule niliomba kwa kunong'ona!"

Zamani Baba Kasuku angefungua kitabu, atafute mstari. Hakufungua. Aliingia jikoni, akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Baada ya muda mkewe alishuka akakaa kando yake, vifundo vya vidole vimechubuka. Walikaa hivyo mpaka sufuria iliyokuwa motoni ikaanza kuungua, wakazima jiko, wakakaa tena.

"Hakunijibu," alisema Mama Kasuku mwishowe.

"Yupo?"

Mama Kasuku hakutaka tena kuongeza kitu.

"Yupo," alisema. "Namkasirikia, lakini yupo. Kalete kitabu."

"Nikusomee zaburi?"

"Hapana. Tulipoishia."

Walipoishia palikuwa pagumu: orodha ndefu ya watu waliorudi kutoka utumwani, ukoo kwa ukoo, majina ya kuvunja ulimi. Baba Kasuku alivaa miwani, akaanza. Alijikwaa, akarudi nyuma, akajikwaa tena, hadi Mama Kasuku akacheka pua ikimtiririka.

"Unawatukana watu wa Mungu," alisema.

"Si mimi, ni wazazi waliowapa majina hayo."

Kicheko kikageuka kilio, kama ilivyokuwa siku hizo. Baba Kasuku akaacha kusoma.

"Wasome wote," mkewe alisema. "Usimruke hata mmoja. Walikuwa watoto wa watu."

Akawasoma wote, taratibu, mpaka chumba kikaanza kuwa na giza na mkewe akanyoosha mkono kuwasha taa. Kesho yake ilikuwa siku ya kwenda wodini, kwani Mama Kasuku hakuacha kuwatembelea wagonjwa baada ya mtoto wa mwalimu kutoka. Kulikuwa na mtoto mwingine, wa kike, na huyo wauguzi hawakuwa na matumaini naye. Mama Kasuku aliamka, akaoga, akabadili nguo, akaenda.